Je, ni kura za wanyonge zilizomwingiza Andrew Jackson Ikulu mwaka 1828?

"Shikamoo mwalimu. Naishi Columbus, Ohio, na binti yangu yuko sekondari, darasa la 11. Amepewa insha ya historia aeleze jinsi kupanuliwa kwa haki ya kupiga kura kulivyoamua uchaguzi wa rais wa mwaka 1828. Kitabu chake kinasema maskini walipata kura, idadi ya wapiga kura ikaruka mara tatu, Andrew Jackson akashinda. Nikamwambia basi huyo Jackson ndiye aliyewapa wanyonge haki yao. Akanibishia: mwalimu wake kasema miaka hiyo hiyo watu weusi walikuwa wananyang'anywa kura. Ipi ni kweli? Na hiyo mara tatu inatoka wapi? Sitaki aandike uongo, lakini sitaki pia apingane na kitabu akakosa alama. La mwisho: anasema zamani hapa Ohio hata asiye raia alipiga kura. Mimi nina grini kadi, na juzi nilipokwenda kushughulikia leseni niliulizwa kama nataka kujiandikisha kupiga kura. Nijaze?"

Marahaba, mama. Nisikufiche, katika mabishano hayo binti yako yuko mbele yako. Lakini hata kitabu chake kimeruka hatua, na hatua hiyo ndiyo iliyowachanganya wote wawili. Mambo matatu kinachoyataja yote yalitokea: sheria za kupiga kura zililegezwa, waliopiga kura waliongezeka mno, na Jackson alishinda. Tatizo liko kwenye kamba inayoyafunga pamoja, kana kwamba la kwanza limezaa la pili moja kwa moja na la pili limezaa la tatu.

Jackson hakumpa mtu kura. Mwaka 1828 alikuwa mgombea, jenerali wa zamani aliyepata jina kwa kuwapiga Waingereza New Orleans tarehe 8 Januari 1815, mwenye shamba kubwa la pamba karibu na Nashville, Tennessee, na makumi ya watumwa wa kulilima. Hata kama angekuwa rais tayari, asingekuwa na uwezo huo. Katiba ya Marekani iliyoandikwa 1787 haikusema nani apige kura, iliwaachia majimbo. Kwa hiyo usitafute sheria moja wala siku moja ambayo wanyonge walipewa haki. Utakachokuta ni majimbo, moja baada ya jingine, yakibadili masharti yao kwa muda wa miaka kama 50, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ilikwisha kabla jina la Jackson halijatajwa kwa urais.

Wakati wanajitenga na Uingereza mwaka 1776, makoloni mengi yalikuwa yanamtaka mpiga kura awe na mali, hasa ardhi. Hoja yao ilikuwa kwamba mtu asiye na chake ataamriwa na anayemlisha, na kura yake itakuwa kura ya bwana wake. Hoja hiyo ilianza kupwaya mapema. Vermont iliingia katika muungano 1791 bila sharti la mali, Kentucky ikafuata 1792. Majimbo mapya ya magharibi na kusini, Indiana mwaka 1816, Illinois 1818, Alabama 1819, hayakuona faida ya kuweka kizuizi hicho. Yalikuwa na ardhi tele na watu wachache, na yalitaka walowezi waje. Vita vya 1812 dhidi ya Uingereza navyo viliacha aibu: kijana ameitwa kwenye jeshi la mgambo, amepigana, amerudi nyumbani, siku ya uchaguzi anaambiwa hana shamba. Tena vyama vilipoanza kushindana, kila kimoja kiligundua kwamba ukimpa mtu kura ana sababu ya kukukumbuka. Maryland iliondoa sharti la mali mwanzoni mwa karne, Connecticut ikalilegeza 1818, Massachusetts ikalibadili kuwa sharti la kulipa kodi katika mageuzi ya 1820 na 1821, na New York ikaandika katiba mpya 1821.

Angalia hizo tarehe. Zote ziko kabla ya 1824, mwaka ambao Jackson aligombea kwa mara ya kwanza na kushindwa.

Sasa hesabu ya mara tatu. Namba zenyewe ni za kweli. Mwaka 1824 kura za wananchi zilizopigwa kwa ajili ya urais zilikuwa takriban 365,000. Mwaka 1828 zilikuwa takriban 1,150,000. Ukigawanya unapata mara tatu na ushei. Swali la kumuuliza binti ni hili: kati ya miaka hiyo minne, ni nani waliopata haki ambayo hawakuwa nayo? Jibu ni watu wachache kuliko namba inavyodokeza. New York iliondoa masharti yaliyobaki ya kodi kwa wanaume wazungu mwaka 1826, na hilo si dogo. Lakini katika sehemu kubwa ya nchi, mwanamume mzungu aliyepiga kura 1828 alikuwa ana haki ya kupiga kura 1824 vilevile. Hakwenda, au hakuwa na kitu cha kupigia.

Hapo kwenye "hakuwa na kitu cha kupigia" ndipo vitabu vya shule hupita haraka, nami ndipo ninapotaka nikae kidogo.

Mmarekani hamchagui rais moja kwa moja, hata leo. Huchagua wajumbe wa uchaguzi wa jimbo lake, na wajumbe hao ndio wanaompigia rais kura. Katiba inasema kila jimbo litapata wajumbe wake kwa utaratibu litakaouamua lenyewe. Zamani mabunge mengi ya majimbo yaliamua: tutawachagua sisi wenyewe, humu humu bungeni. Mwaka 1824 muungano ulikuwa na majimbo 24, na katika 6 kati ya hayo wananchi hawakupiga kura ya urais kabisa: New York, Georgia, Vermont, Louisiana, Delaware na South Carolina. Mkulima wa Vermont alikuwa na haki pana ya kupiga kura kuliko karibu kila mtu mwingine nchini. Aliweza kumchagua gavana na mbunge wake, lakini kwa urais hakuulizwa.

New York ndiyo ilikuwa kubwa kuliko zote, yenye wajumbe 36. Huko watu walikasirika mno mwaka huo 1824, kwa sababu Seneti ya jimbo ilikataa kuwapa wananchi uchaguzi wa wajumbe, na wanasiasa waliohusika wakaadhibiwa kwenye sanduku la kura la jimbo. Kufikia 1828 sheria ilikuwa imebadilika. Ni Delaware na South Carolina tu zilizobaki na utaratibu wa zamani. New York, iliyokuwa na sifuri katika hesabu ya 1824, ikaleta kura takriban 276,000. Ongezeko la nchi nzima lilikuwa kama 785,000. Jimbo moja, kwa kubadili tu nani anawachagua wajumbe, limechangia zaidi kidogo ya theluthi ya ongezeko lote. Ongeza Georgia, Vermont na Louisiana ambazo nazo zilitoka kwenye sifuri, utaona jinsi ile "mara tatu" inavyomdanganya msomaji: inalinganisha majimbo 18 na majimbo 22.

Kwa hiyo upanuzi ulikuwa wa aina mbili, na insha nzuri itazitenganisha. Mmoja ni nani ana haki ya kupiga kura. Wa pili ni kura hiyo inafika wapi. Huu wa pili ndio uliobadilika sana kati ya 1824 na 1828.

Bado hatujamaliza, maana majimbo ambayo hayakubadilisha lolote nayo yalifurika. Hapa binti yako ana bahati, kwa sababu mfano bora uko kwenu Ohio. Katiba ya Ohio iliandikwa 1802 na ikadumu hadi 1851. Masharti ya mpiga kura, awe mwanamume mzungu mwenye zaidi ya miaka 21, aliyekaa jimboni mwaka mmoja, anayelipa kodi au kufanya kazi ya barabara, yalikuwa yale yale 1824 na 1828. Mwaka 1824 Ohio ilipiga kura za urais kama 50,000. Mwaka 1828, kama 131,000. Ndiyo, watu walikuwa wanaongezeka, walowezi wanamiminika, lakini idadi ya watu haikupanda mara mbili na nusu ndani ya miaka minne.

Tena kuna jambo tamu zaidi. Oktoba 1824 Ohio ilichagua gavana, na kura zilizopigwa zilizidi 70,000. Muda mfupi baadaye watu hao hao wakaitwa kumchagua rais wa nchi, wakaja 50,000. Haki walikuwa nayo, vituo wanavijua, na wamevitembelea juzi tu. Washington ilikuwa mbali, na gavana aligusa barabara, kodi na mifereji yao. Pennsylvania nayo inasema hivyo hivyo: katiba yake ya 1790 ilikuwa haijaguswa, na bado kura za urais zilitoka kama 47,000 mwaka 1824 hadi zaidi ya 150,000 mwaka 1828.

Kufungua mlango wa ukumbi hakujazi ukumbi. Watu huingia wakisikia ngoma. Mwaka 1824 mlango ulikuwa wazi mahali pengi, ila ngoma haikuwapo. Wagombea wanne, John Quincy Adams, Jackson, Henry Clay na William Crawford, wote walijiita wa chama kimoja. Kila mmoja alikuwa na ngome yake, na katika majimbo mengi mshindi alijulikana kabla ya siku yenyewe. Kwa nini mtu atembee maili kumi kwenye matope ya Novemba kwenda kuthibitisha kinachojulikana?

Kilichopiga ngoma ni matokeo ya uchaguzi huo huo. Jackson aliongoza, kwa kura za wananchi na kwa wajumbe pia: alipata 99, Adams 84, Crawford 41, Clay 37. Lakini ilitakiwa nusu na zaidi, yaani 131, na hakuna aliyefika. Katiba inasema ikitokea hivyo, Baraza la Wawakilishi linachagua kati ya watatu wa juu, kila jimbo likiwa na kura moja. Clay akatolewa kwa kuwa wa nne, ila yeye ndiye aliyekuwa Spika wa Baraza hilo, na akamuunga mkono Adams. Tarehe 9 Februari 1825 Adams akashinda kwa majimbo 13, Jackson 7, Crawford 4. Siku chache baadaye Adams akamteua Clay kuwa Waziri wa Mambo ya Nje, kiti ambacho wakati huo kilionekana kuwa ngazi ya urais.

Je, walipatana kwa siri? Hakuna aliyewahi kuthibitisha, na kwa sera wawili hao walikaribiana kiasi kwamba Clay hakuhitaji hongo ili ampende Adams kuliko Jackson. Lakini siasa haisubiri ushahidi. Wafuasi wa Jackson waliita jambo hilo mapatano ya kifisadi, wakaliimba miaka minne mfululizo. Na sasa walikuwa na hoja ambayo mkulima wa Ohio aliielewa bila kufafanuliwa: mlimchagua mtu wenu, wakubwa wakawanyang'anya.

Hoja peke yake haitoshi. Inahitaji watu wa kuibeba. Hapo ndipo anapoingia Martin Van Buren, seneta wa New York, fundi wa kupanga wanasiasa kuliko wote wa zama zake. Alitaka kuunganisha wenye mashamba makubwa wa kusini na wakulima na mafundi wa kaskazini katika chama kimoja, na aliandika hivyo waziwazi mwaka 1827 kwa mhariri wa gazeti la Richmond, Virginia, Thomas Ritchie. Magazeti ya kumpigia debe Jackson yalianzishwa au kufadhiliwa katika majimbo mengi, kamati zikaundwa kaunti kwa kaunti, na kwa kuwa askari walikuwa wamempa jenerali wao jina la mti mgumu wa hickory, miti hiyo ikasimikwa vijijini kama nguzo za kampeni. Siku ya kura chama kiligawa karatasi kilizozichapa chenyewe zenye majina ya wajumbe wake. Mpiga kura alichukua moja na kuitumbukiza sandukuni mbele ya macho ya wote. Virginia na Kentucky hata karatasi hazikutumika: ulisimama ukatamka kwa sauti unamtaka nani. Kura ya siri tunayoizoea leo ilikuwa bado sana.

Kampeni yenyewe ilikuwa chafu. Upande wa Adams ulichapisha vipeperushi vyenye picha za majeneza, kumkumbusha mpiga kura askari wa mgambo ambao Jackson aliamuru wauawe kwa kosa la utoro na uasi, kisha wakamfukunyua mkewe Rachel, kwamba aliolewa na Jackson kabla talaka ya mume wa kwanza haijakamilika. Upande wa Jackson ukamtangaza Adams kuwa bwana mkubwa anayenunua meza ya biliadi kwa fedha za umma, na ukadai kwamba alipokuwa balozi Urusi alimtafutia mfalme msichana. Rachel alifariki Desemba 1828, matokeo yakiwa yameshajulikana, na Jackson aliamini hadi kufa kwake kwamba maneno hayo ndiyo yaliyomuua. Nayataja haya kwa sababu uchafu huo nao ulikuwa na kazi: ulimfanya mtu asiyejali ushuru wa bidhaa awe na la kusema kuhusu uchaguzi.

Jackson akashinda kwa wajumbe 178 dhidi ya 83, na takriban asilimia 56 ya kura za wananchi. Makisio ya wanahistoria ni kwamba waliojitokeza walitoka robo na ushei ya wanaume wazungu watu wazima mwaka 1824 hadi asilimia 57 hivi. Ni makisio, kwa sababu hapakuwa na daftari la wapiga kura la nchi nzima. Wanachukua sensa za 1820 na 1830 na kukadiria katikati. Binti akiandika asilimia, aandike "takriban".

Je, basi wapiga kura wapya maskini ndio waliomchagua Jackson? Chukua ramani. Vermont, yenye haki pana kuliko karibu wote tangu mwanzo, ilimpa Adams wajumbe wake wote. Virginia, ambako bado ulihitaji kumiliki ardhi ili upige kura, ilimpa Jackson wajumbe wake wote 24. South Carolina, ambako wananchi hawakuulizwa, ilimpa Jackson wote 11. Kusini mwa mto Potomac, unaopita Washington, Adams hakupata hata mjumbe mmoja, na majimbo ya magharibi kuanzia Ohio yalimkataa vilevile. New England, yaani majimbo ya kona ya kaskazini-mashariki, karibu yote ilikuwa yake. Ukiitazama ramani hiyo unaona maeneo, watumwa, ardhi ya Wenyeji wa asili na mapenzi kwa mtoto wa nyumbani, kabla hujaona tajiri na maskini. Wasio na ardhi wa Virginia walikuja kudai kura yao kwenye mkutano wa katiba uliokaa Richmond mwishoni mwa 1829, Jackson akiwa Ikulu tayari, tena kwa kura za hao hao waliokuwa wakiwazuia. Na hata hapo walipata nusu mkate. Virginia iliondoa kabisa sharti la mali katika katiba ya miaka ya 1850.

Sasa niende kwenye hoja ya binti yako, na hapa naomba mama umpe nafasi. Ni kweli tupu, na si jambo la pembeni. Mara nyingi mkono ule ule, katika kifungu kile kile, uliondoa sharti la mali na kuandika neno "mzungu". New York ndiyo mfano wa wazi: katiba ya 1821 iliwafungulia wazungu, kisha ikawaambia watu weusi huru kwamba wao lazima wawe na mali ya dola 250. Zamani sharti lilikuwa la wote. Sasa likawa la rangi moja. Connecticut iliwafungia 1818, na Maryland ilikuwa imeshafanya hivyo ilipoondoa sharti lake la mali. New Jersey inasikitisha zaidi. Katiba yake ya 1776 ilisema wakazi wenye mali ya pauni 50, bila kutaja jinsia wala rangi, na wanawake wasio na mume wakapiga kura kwa miaka mingi, pamoja na watu weusi huru. Mwaka 1807 bunge la jimbo likawafuta wote kwa sheria moja, likabakiza wanaume wazungu walipa kodi.

Jackson alipokuwa madarakani mwendo huo haukukoma. Tennessee, jimbo lake mwenyewe, iliwaruhusu watu weusi huru kupiga kura kwa katiba ya 1796. Katiba mpya ya 1834 ikawatoa. North Carolina ikafanya hivyo 1835, Pennsylvania 1838, mwaka mmoja baada ya Jackson kustaafu. Waliobaki na haki sawa walikuwa katika majimbo machache ya New England. Na usisahau watumwa wenyewe: hawakupiga kura, lakini kwa kanuni ya katiba kila watu watano walihesabiwa kama watatu katika kugawa viti vya Baraza la Wawakilishi, na kwa viti hivyo majimbo ya kusini yakapata wajumbe zaidi wa uchaguzi. Mtumwa aliongeza uzito wa kura ya bwana wake. Ndiyo maana mlinganisho wako wa Jackson kama mkombozi wa wanyonge haukai. Mwaka 1830 alitia saini sheria ya kuwahamisha Wenyeji wa asili kutoka kusini-mashariki, na Wacherokee na wenzao wakang'olewa kwenye ardhi zao. Wengi waliofurahia sheria hiyo walikuwa wapiga kura wale wale ambao kitabu kinawaita wanyonge.

Tuje kwenye insha yenyewe. Naona njia tatu. Anaweza kufuata kitabu neno kwa neno: haki ilipanuka, kura zikaongezeka, Jackson akashinda. Atapata alama za kawaida, na hatakuwa amesema uongo mkubwa, ila mwalimu ambaye ameshataja habari ya watu weusi darasani atataka zaidi. Anaweza kugeuka upande wa pili na kudai upanuzi haukuwa na maana yoyote. Simshauri. Bila majimbo kulegeza masharti kwa miaka mingi, na bila wajumbe kuchaguliwa na wananchi, kamati za Van Buren zisingekuwa na wa kumhamasisha. Chama cha umati hakijengwi pasipo na umati wenye kura. Na wanasiasa waliobadili sheria hizo walijua wanachofanya.

Njia ya tatu ndiyo ninayoipendekeza, ingawa ni ngumu zaidi kuandika katika kurasa tatu. Aseme kwamba kulegezwa kwa masharti kuliufanya uchaguzi wa 1828 uwezekane, lakini kilichowaleta watu ni mambo mawili mapya: kura yao kumfikia rais, na hasira ya 1825 iliyobebwa na chama kilichojipanga. Kisha aseme waziwazi ni nani waliokuwa nje ya mlango huo. Hapingani na kitabu hapo, anakikamilisha. Ushahidi wa Ohio, kura za gavana kuzidi za rais katika mwaka mmoja, autumie mwanzoni kabisa. Ila kabla hajaanza, amuulize mwalimu wake ana kwa ana: swali linasema "kulivyoamua", je, anaruhusiwa kubishana na neno hilo? Walimu wengi hupenda, wachache hawapendi, na si mimi nitakayesahihisha.

Kuhusu wasio raia, binti amesoma vizuri. Katiba ya Ohio ya 1802 ilisema "wakazi" wanaume wazungu, haikusema raia. Katiba ya 1851 ndiyo iliyoandika raia wa Marekani. Lakini hiyo ni historia, mama. Leo uchaguzi wa rais na bunge la taifa ni wa raia pekee, na Ohio iliweka katika katiba yake mwaka 2022 kwamba hata chaguzi za mitaa ni za raia tu. Kwa hiyo usijaze. Kuulizwa swali lile hakumaanishi kwamba mfanyakazi wa dirishani amekagua kadi yako akaona unastahili. Mwenye grini kadi akijiandikisha, hata kwa kutojua, anaweza kukwama siku anapoomba uraia, na akipiga kura anaweza kuhatarisha hata ukaazi wake.

Kama siku ile ulitia saini karatasi yoyote usiyokumbuka ilisema nini, au ukaletewa kadi ya mpiga kura kwa posta, hili usilimalize kwa kuniuliza mimi wala kwa ushauri wa jamaa wa msikitini au kanisani. Nenda kwa wakili wa uhamiaji, au shirika la kuhudumia wahamiaji lenye mwakilishi anayetambuliwa kisheria, ukiwa na karatasi zako zote, kabla hujapeleka maombi ya uraia.

Na binti naye ana pa kwenda. Mkutubi wa shule yake anaweza kumpatia matokeo ya 1824 na 1828, na kumbukumbu za jimbo la Ohio zimetunzwa hapo hapo Columbus, katika kituo cha historia ya jimbo. Aombe matokeo ya kaunti moja moja kwa miaka yote miwili, achague kaunti tatu nne, azipange safu mbili kando kwa kando, na karibu yake aweke kura za gavana za Oktoba 1824.